Naomba ushauri: ndugu wanataka mgonjwa asiambiwe kuwa ana saratani

Wakuu, naombeni ushauri. Mgonjwa ni mtu mzima mwenye akili timamu. Kipimo cha kinyama kilichochukuliwa kwenye uvimbe (biopsi) kimeonyesha saratani ya titi, lakini watoto wake wanasisitiza aambiwe ni uvimbe tu. Kwangu kikwazo ni fomu ya ridhaa: sahihi ya mtu asiyejua anatibiwa nini si ridhaa. Tena akianza doksorubisini (dawa ya saratani), mkojo huweza kuwa mwekundu siku 1 au 2, na nywele hupukutika ndani ya wiki 2 hadi 3. Atauliza tu!

Nafikiria kumuuliza faraghani angependa kujua kiasi gani, au tuzungumze na nani kwa niaba yake, kisha niandike jibu lake kwenye faili. Je, niwakalishe ndugu kwanza? Na wakikataa kutoka chumbani, mnafanyaje?