Bibi wa Kizungu kaniita "flibbertigibbet". Nimetukanwa au nimetaniwa?

Binti_Pangani
Wakuu, habari za jioni. Nipo Uingereza mwaka wa pili, kazi yangu kuhudumia wazee majumbani. Kuna bibi wa miaka 91, asubuhi huwa namwandalia chai na kumpa dawa. Leo nimeingia na mambo yangu: birika liko jikoni linachemka, huku namsimulia baridi ya kituo cha basi, nikakumbuka pazia, nikaacha chai nikaenda kufungua pazia, nikamletea kikombe hakina sukari. Akanitazama juu ya miwani: "Oh, you flibbertigibbet!" Nikacheka kama nimeelewa, kisha nikamwomba aniandikie kwenye bahasha.

Kwenye basi kamusi yangu ya simu haikuwa na neno zima. Nikalikata, nikatafuta kipande cha mwisho, gibbet. Jibu: mti wa kunyongea wahalifu! Moyo ukanilipuka paa. Nimripoti kwa msimamizi au ninyamaze? Kesho saa mbili asubuhi nipo kwake tena.

Jembe_la_Kusini
Ripoti. Leo kitanzi, kesho utasikia kaburi.

Mwalimu_Mstaafu
Binti, tulia kwanza. Neno halikatwi pingili kama muwa, na huo mti wa kunyongea haumo humo. Flibbertigibbet ni mtu asiyetulia, anarukia hili kabla hajamaliza lile, na mdomo haupumziki. Mara nyingi huambiwa wasichana na wanawake. Inaelekea lilizaliwa kwa kuiga mlio wa mtu anayeongea mbiombio bila kumeza mate, kama sisi tunavyosema fulani anabwabwaja. Lipo kwenye maandishi tangu karne ya 15, na kila mtu aliliandika alivyolisikia, ndiyo maana tahajia zake za zamani ni utitiri. Tamka fli-ba-ti-JI-bet, mkazo uweke kwenye ji. Vijana wa huko hawalisemi sana, ni neno la kabatini, la kina bibi.

Pwani_Raha
Kwa hiyo ndiyo kizabizabina wetu?

Mwalimu_Mstaafu
Hapana. Kizabizabina huchukua ya huyu akampelekea yule ili wagombane, ana nia yake. Flibbertigibbet hana nia na mtu, hata alichosema dakika tano zilizopita keshakisahau. Nilifikiria chiriku, lakini chiriku ni mdomo tu, miguu haimo. Mimi ningetafsiri hivi: *ana mapepe*. Hapo umepata vyote, mdomo, miguu na akili iliyotangulia mlangoni.

Kabati_la_Vitabu
Niongezee. Kwa Shakespeare, ndani ya tamthilia yake King Lear, Flibbertigibbet ni jina la shetani. Mhusika mmoja, Edgar, akijifanya kichaa anasema shetani huyo hutembea usiku mpaka jogoo la kwanza, anawatia watu makengeza na kuharibu ngano. Jina lenyewe lilikuwa kwenye kitabu cha Samuel Harsnett cha 1603, kilichowakejeli makasisi wapunga mashetani. Kumbe mapepe na mapepo ni majirani hata kwa Waingereza!

Binti_Pangani
Jamani, mlishanituliza, sasa mnanitisha upya.

Kabati_la_Vitabu
Samahani dada. Hiyo ni ya miaka 400 iliyopita. Angalia filamu ya The Sound of Music ya 1965, masista wanapomlalamikia Maria kwa kuchelewa na kuimba ovyo wanamwita hivyohivyo, na wanampenda. Huyo bibi huenda alikuwa msichana aliyeambiwa neno hilo na mama yake.

Nesi_wa_Usiku
Achaneni na Shakespeare kidogo. Dada, dawa ulimpa?

Binti_Pangani
Nilimpa, na nikaandika kwenye daftari.

Nesi_wa_Usiku
Basi hakuna kesi. Nimefanya kazi hiyo miaka mingi, tusi utalijua kwa sauti kabla ya kamusi. Angekwambia kwa kukunja uso, mbele ya wageni, kila siku, ningekuwa wa kwanza kukwambia ripoti. Ila usilichukue wewe ukampachika msimamizi wako au kuliandika kwenye ripoti ya mgonjwa. Mkubwa kumwambia mdogo ni utani, mdogo kumwambia bosi ni barua ya onyo. Na sukari, mdogo wangu, sukari!

Jembe_la_Kusini
Nafuta ushauri wangu.

Binti_Pangani
Mrejesho. Leo niliamua kutulia. Nimeingia kimya, chai kwanza, sukari vijiko viwili, pazia baadaye, sijasimulia basi wala baridi. Bibi kanitazama juu ya miwani, kanishika kiganja, kaniuliza kama naumwa.