Tupeane uzoefu: Baba zetu waliotoka vitani wakarudi kushika jembe

Ndugu zangu, mwezi uliopita tulimzika baba yetu kijijini, nje kidogo ya mji wa Songea. Wazee wenzake wanne aliopigana nao walikuja wakiwa wamevaa makoti mazito na medali kifuani, na walipopiga saluti mbele ya kaburi, ndipo nilipotambua kwamba wao walimfahamu mtu ambaye mimi sikumfahamu vizuri.

Aliingia Jeshi la Wananchi akiwa kijana mkulima wa mahindi, akastaafu akiwa sajini, na katikati ya utumishi huo vilikuwapo Vita vya Kagera. Begani, chini ya ngozi, kilibaki kipande cha chuma alichokipata Lukaya, nchini Uganda, mnamo Machi 1979, pale barabara ya kwenda Kampala inapokatiza kinamasi. Sisi watoto alituruhusu kukigusa. Kilikuwa kidogo na kigumu kama punje ya hindi, na ukikisukuma kwa kidole kilihama. Tulipomuuliza kiliingiaje, alijibu kwamba siku hiyo makombora yaliwarudisha nyuma na kesho yake wakasonga mbele tena, kisha akatutuma maji.

Kuhusu kazi, hata hivyo, alizungumza kwa mapana. Kila jioni aliketi barazani na tupa yake akayanoa majembe ya nyumba nzima, kuanzia lake hadi la mdogo wetu wa mwisho, akayaegemeza ukutani kwa mpangilio wa ukubwa, na saa kumi na moja alfajiri kila mmoja alijua aende kuchukua lipi. Malipo yake ya uzeeni yalichelewa kwa miaka kwa sababu jina lake lilikuwa limeandikwa kwa herufi tofauti katika majalada mawili. Kila alipokwenda kufuatilia alivaa shati lililopigwa pasi ya mkaa na viatu vilivyong'arishwa, hata pale alipojua kwamba angeambiwa arudi wiki ijayo. Jambo hilo liliniumiza mimi kuliko lilivyomuumiza yeye.

Wenye baba wa namna hii, naomba mtuandikie mliyoyaona kwa macho yenu.

*Kutoka Misenyi, Kagera*

Pole sana kwa msiba, kaka. Mimi ni mzaliwa wa upande wa kaskazini wa Mto Kagera, eneo ambalo majeshi ya nduli Idi Amin yaliingia mwishoni mwa Oktoba 1978 na kulitangaza kuwa la Uganda. Baba yangu alikuwa mgambo. Mama alivuka daraja la Kyaka akiwa na mimba yangu, siku chache kabla ya daraja hilo kulipuliwa tarehe 3 Novemba, na baba akabaki na wapiganaji kwa sababu alizijua njia za mashambani.

Tuliporudi, nyumba ilikuwa imeungua na ng'ombe wote wamechukuliwa. Baba alinieleza kwamba hakuanza na nyumba, alianza na shamba, maana mgomba hata ukikatwa na kuchomwa, shina lake la chini hutoa machipukizi. Aliyang'oa machipukizi hayo moja baada ya jingine, akapima nafasi kwa hatua zake mwenyewe na kupanda upya, huku familia ikilala chini ya turubai. Wanajeshi waliokuwa wakipita aliwagawia ndizi, na baadhi yao, ambao kwao chakula ni ugali, alikaa nao akawafundisha kuzipika pamoja na maharage, chungu kikifunikwa kwa majani ya mgomba. Mpaka anafariki hakuwahi kuuza ndizi kwa mtu aliyevaa sare.

*Kutoka Machakos, Kenya*

Mimi nina umri mkubwa kuliko wengi wenu, na vita vya baba yangu vilikuwa vya Burma, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Alikuwa Keya, yaani askari wa kikosi cha Waingereza cha Afrika Mashariki, na mwaka 1944 walipita Bonde la Kabaw wakati wa mvua nyingi, magari yakizama matopeni. Walowezi waliokuwa askari walipewa mashamba, ilhali yeye alirudi kwenye kilima chake kilichomomonyoka udongo. Alikichimbia matuta kwa mikono yake, na matuta hayo yangalipo.

*Kutoka Tabora*

Naomba niseme na upande mwingine, kwa kuwa nao ni ukweli. Baba yangu alirudi kutoka Uganda mwaka 1979 akiwa mkali na mwenye kunywa sana, na usiku alipiga kelele akiwaita watu ambao hatukuwajua. Hata hivyo, alfajiri alikuwa kwenye usukani wa lori, na hatukuwahi kurudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Nilimchukia kwa muda mrefu. Mama pekee ndiye aliyejua kumwamsha bila kumgusa, kwa kusimama mlangoni na kulitaja jina lake polepole mpaka afungue macho.

*Mwenye kuanzisha mada*

Ndugu wa Tabora, nakushukuru kwa kuyaandika haya. Baba naye alilala na kitanda kikielekea mlango, na mama hakuruhusu kisogezwe.

Nawe dada wa Misenyi, umenikumbusha jambo ambalo nimekaa nalo tangu asubuhi. Huku kwetu mwanamume wa umri wa baba haingii jikoni, lakini Jumapili moja moja, akipata mkungu wa ndizi mbichi sokoni, baba alimwomba mama ampishe. Alizimenya mwenyewe, akazichanganya na maharage na kufunika chungu kwa majani ya mgomba. Tulipomuuliza alijifunzia wapi, alisema tu kwamba alifundishwa na mzee mmoja ambaye hakuwa na nyumba.