Maelekezo ya bodaboda: sauti au kioo cha simu?

mtunzi_programu: Wakuu, tunaunda programu ya maelekezo kwa bodaboda wanaosambaza vifurushi Dar. Wenzangu wengine wanataka kila kitu kiwe sauti ili macho yabaki barabarani, wengine wanasema sauti nayo inachosha akili. Nani yuko sahihi, na mzigo huo unapimwaje?

Kanuni: Inategemea sauti inamtaka dereva afanye nini. Kusikia "kata kushoto" hakugombani sana na macho. Ila kutunga jibu, kushika menyu ya vipengele saba kichwani au kusahihisha mashine iliyosikia vibaya kunakula akili ileile inayomchunga daladala mbele. Mtafiti David Strayer wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, alilionyesha hilo mwaka 2013 kwenye kipimo cha mzigo wa akili cha 1 hadi 5 (5 ndio mzito zaidi): kusikiliza redio 1.21, kuongea na simu mkononi 2.45, kutunga ujumbe kwa sauti 3.06. Mwaka 2015 timu yake ikakuta kwamba kwa mifumo mibovu ya sauti umakini hubaki umepungua hadi sekunde 27 baada ya kumaliza. Kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, hizo ni mita 300.

Mama_Vipimo: Mgawanyo wangu: agizo fupi la sasa hivi liwe sauti, anwani, bei na orodha ya vifurushi vikae kwenye kioo, visomwe pikipiki ikiwa imesimama. Sauti ikishapita haipo, anayeisikia analazimika kuibeba kichwani. Kitendo kimoja na alama moja tu: "Baada ya sheli, kulia." Itamke mita 200 kabla, kisha mita 50. Ndani ya kipilefti nyamaza kabisa. Weka kitufe cha kurudia kwenye usukani, maana upepo kwenye helmeti unameza maneno.

mtunzi_programu: Na oda mpya ikiingia njiani?

Mama_Vipimo: Mlio mmoja, basi. Maelezo yasubiri mpaka GPS ionyeshe mwendo chini ya kilomita 5 kwa saa kwa sekunde kadhaa. Mkimpa dereva sekunde 10 za kukubali oda, hakuna kiolesura kitakachowaokoa.

Kanuni: Kupima, tumieni ISO 17488, kiwango cha kimataifa cha kupima mzigo wa akili wa dereva: mtikisiko mdogo begani kila baada ya sekunde 3 hadi 5, dereva anabonyeza kitufe cha kidoleni. Akichelewa au akikosa zaidi, akili imelemewa zaidi. Jibu la kabla ya milisekunde 100 halihesabiki, likipita 2500 amekosa. Linganisheni kuendesha tu, sauti, na kioo, uwanjani palipofungwa. Maangalizo mawili. Injini ya pikipiki inaweza kuuficha mtikisiko, hivyo jaribuni kwanza ikiwa inanguruma. Ikishindikana, taa ndogo kwenye helmeti, ingawa nayo itagombania macho na kioo. La pili ndilo linalopotosha wengi: kipimo hiki kinaona akili, hakioni macho. Kioo kinaweza kupata alama nzuri huku dereva akitazama chini, kwa hiyo fungeni kamera na mhesabu kila mtazamo uliozidi sekunde 2.