Tomcat au Corsair ya chuma: nichukue ipi?

Kasa72: Wakuu, habari za jioni. Nimebaki na modeli mbili za ndege za jeshi la majini la Marekani, F-14 Tomcat na F4U Corsair. Hela inatosha moja tu, na muuzaji anataka jibu kesho. Zote zina nembo ya fuvu na mifupa. Ipi?

Nanga: Mkuu, hapo bado hujasema kitu. Skeli gani? Rafu ina kina gani? Itasimama kwa magurudumu au kwenye stendi? Tomcat yenyewe ni toleo A, B au D?

Kasa72: Tomcat 1/72, yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi, Corsair 1/48. Kabati la kioo, niko Tanga.

MbawaMbili: Corsair, bila kusita. Propela ya ndege halisi ilikuwa na kipenyo cha mita 4 hivi, ndiyo maana bawa likapindwa chini ili miguu isiwe mirefu mno. Ukiikagua, itazame kwa mbele: mapindo ya pande zote mbili yalingane, na ncha za mabawa ziwe kimo kimoja kutoka mezani.

Nanga: Kwa upana hazipishani sana. Tomcat mabawa yakiwa wazi ni sm 27, Corsair sm 26. Ila Tomcat ukiyarudisha nyuma hadi nyuzi 68 inabaki sm 16. Urefu ni sm 26.5, kwa hiyo tuambie kina cha rafu.

fundi_rangi: Hayo mabawa yanayocheza ndiyo yanayoiua Tomcat. Kuna moja ililetwa kutengenezwa: mwenyewe alikuwa akiyasukuma kwa kushika ncha. Meno ya ndani yakaruka, bawa la kushoto likarudi nyuma kabisa, la kulia likakwama njiani, na rangi ikachubuka pale linapoingia mwilini. Kifuniko cha rubani kilipolegea akatia supaglu. Mvuke wake ukatanda ndani, kioo kikawa cheupe, hata rubani haonekani. Kioo kinabandikwa kwa gundi nyeupe ya mbao: tone dogo kwenye ncha ya kijiti, unaacha usiku kucha. Mabawa shika yote mawili karibu na shina, yasogeze pamoja.

Nanga: Na kwa Tanga, angalia zinki, maana modeli za chuma kama hizi humiminwa kwa aloi (mchanganyiko wa metali) ya zinki. Aloi hiyo ikiingiwa na madini ya risasi (lead), unyevu na joto huila kwa ndani. Geuza tumbo juu, tafuta nyufa nyembamba kama nywele na rangi iliyovimba. Ukiziona, iache, haina dawa. Kabatini weka vipakiti vya kunyonya unyevu, na jua lisiifikie.

Kasa72: Tomcat imeandikwa kikosi cha VF-84, toleo D.

fundi_rangi: Basi kuna kosa. VF-84 walirusha A tu. Tazama chini ya pua: D ina vifuko viwili sambamba.

MbawaMbili: Fuvu lenyewe ni la Corsair. Kikosi cha VF-17 walilibeba kwenye Corsair zao 1943 kule visiwa vya Solomon, VF-84 ni kikosi hichohicho kilichobadilishwa jina.

Nanga: Hapana, ndugu. VF-17 iliishia kuitwa VF-61, ikavunjwa 1959. VF-84 ilikuwa kikosi kingine, ikaomba jina na nembo. Ilipovunjwa 1995, VF-103 wakavichukua.

MbawaMbili: Nembo ikirithiwa, kikosi kimerithiwa.

fundi_rangi: Hilo lifungulieni uzi wake. Kasa72, tuma picha ya pua na ya tumbo kabla hujalipa. Na kina cha rafu bado hujasema.