Naomba ushauri: kumpeleka mama Mountain Theater, Mlima Tamalpais

Wapendwa, shikamooni wakubwa. Mama amekuja kutoka Tanga kunitembelea hapa California. Ana miaka 71, magoti yanamsumbua. Tangu ujana anapenda mno tamthilia, natamani aone mchezo kule mlimani, kwenye ukumbi wa wazi ambako watu wanaigiza tangu 1913.

Shida ni yale madaraja ya mawe ya kukalia watazamaji, yaliyojengwa na vijana wa kikosi cha kazi cha serikali miaka ya 1930. Yanabeba watu wapatao 4,000, lakini hayana pa kuegemea. Jua kali, halafu ukungu wa bahari ukipanda, baridi!

Mliowahi kwenda na wazee, mlikaa safu zipi? Mto na blanketi vilitosha, au nitafute kiti chenye mgongo?