Skuli yetu ya kisiwani: ruzuku inaishia kwenye nauli ya dau, tupite wapi?

mzazi_kisiwani: Assalaam aleykum. Ni mjumbe wa kamati ya skuli, kisiwa kidogo upande wa Wete, Pemba. Watoto wetu hawafiki 80. Tangu michango ya wazazi ifutwe mwaka 2015 tunategemea fedha za serikali, nazo huja kwa hesabu ya wanafunzi. Lakini bati huvuja vile vile, wawe 80 au 1,000, na boksi la chaki likifika bandarini linataka nauli ya dau.

Walimu wanne, watatu wanavuka kila siku. Siku za bamvua maji yakipwa, dau linakwama mbali. Juzi mwalimu wa hesabu kateremka na viatu mkononi, tope hadi magotini. Kufika, watoto washakaa wenyewe saa nzima. Tumeandikia ofisi moja mara mbili, kimya.

mwl_mstaafu: Waaleykum salaam. Nimesomesha visiwani. Mwalimu hawakimbii watoto, hukimbia kukosa pa kulala. Nyumba ya walimu kwanza, madarasa baadaye. Anzeni kwa nguvu zenu, mawe na mchanga munao. Mukifika linta ndipo muombe kumaliziwa na kuezekwa.

pwani_tu: Kwa nini watoto wasivushwe wakasome skuli kubwa?

mzazi_kisiwani: Mtoto wa miaka saba kwenye dau, kusi linavuma? Mimi wangu simpandishi. Elimu bila malipo ilipotangazwa tarehe 23 Septemba 1964 ilikuwa ya kila mtoto, na wa kisiwani yumo.

bint_konde: Kaka, barua ya "tuna shida" huwekwa chini ya nyengine. Andikeni nauli ya mwezi, siku ambazo walimu wamechelewa, mabati mangapi yameoza. Ambatanisheni muhtasari wa kikao wenye saini, sheha agonge muhuri, nakala kwa afisa elimu wilaya, na aliyepokea asaini kwenye nakala yenu. Tena mwakilishi wenu wa Baraza la Wawakilishi ana mfuko wake wa jimbo na mbunge wa Bunge la Muungano ana wake. Musiwaombe kitu kimoja wote wawili: huyu mabati, yule mashua ya skuli yenye mashine.

mwl_mstaafu: Hilo la saini ya kupokea musilisahau. Barua zangu mbili zilipotea hivyo hivyo.

mzazi_kisiwani: Ahsanteni sana. Tunakaa kikao Ijumaa baada ya sala, na nyumba ya walimu naipeleka iwe ajenda ya kwanza. Daftari la nauli nimelifungua leo. Walimu wawili wamefika saa mbili na nusu, wa tatu dau limemuacha.