Roboti ya kitalu inapitiliza kifuko kila inapoandika kwenye hifadhidata

KitaluMbale

Habari za kazi, wakubwa. Naomba msaada wa kuunganisha programu inayoendesha roboti na hifadhidata.

Roboti ni kigari kinachotembea kwenye reli ya mita 6 juu ya vifuko 60 vya miche ya kahawa, hapa Mbale. Kikifika juu ya kifuko kinashusha kihisi cha unyevu, na udongo ukiwa mkavu pampu ya volti 12 inamwaga maji. Vifaa: Arduino Uno, mota ya NEMA 17 na dereva A4988 (saketi inayoisukuma mota) kwa hatua za 1/16, yaani kila hatua ya mota inagawanywa mara 16, mkanda wa GT2 wenye puli ya meno 20, na Raspberry Pi 3B+.

Uno inatuma mstari wa nafasi na unyevu mara 20 kwa sekunde kupitia USB, kasi 9600. Python kwenye Pi inasoma mstari, inauandika kwenye SQLite (hifadhidata inayokaa kwenye faili moja), inafanya COMMIT (kuthibitisha maandishi yahifadhiwe), kisha nafasi ikilingana na kifuko inatuma herufi S ili mota isimame. Mwendo ni milimita 40 kwa sekunde.

Matatizo ni haya. Kigari kinapitiliza kifuko, mara milimita 3, mara 15, bila mpangilio, na maji yanaangukia ukingoni mwa kifuko au nje kabisa. Nikiondoa sehemu ya SQLite kinasimama vizuri. Pili, nikifungua faili la SQLite kwenye laptopu kupitia folda ya mtandao, Pi inatoa "database is locked". Tatu, umeme ukikatika na kurudi, vipimo vipya vinapata tarehe za nyuma. Je, dawa ni kuhamia MySQL?

---

FundiMota

Usihame. MySQL haitagusa tatizo la kwanza, na ndilo kubwa.

Piga hesabu: milimita 15 kwa mwendo wa 40 kwa sekunde ni milisekunde 375. Huo ndio muda Python yako inaokaa ikisubiri COMMIT. SQLite haikurudishii jibu mpaka kadi ya memori ithibitishe kwamba data imekaa, na kadi hizo hazina muda maalumu: safari moja milisekunde 10, safari nyingine mia kadhaa, hasa inapopanga upya vipande vyake vya ndani. Wakati Python imesimama, mistari ya Uno inajipanga kwenye bafa ya Linux (sehemu data inaposubiri kusomwa). Ukirudi kusoma unapata nafasi ya zamani, unaiamini, na S inatoka wakati kigari kimeshapita.

Kwa hiyo kusimama kwa mota kusitegemee Pi hata kidogo. Pi itume amri moja tu, mfano `N 840`, yaani nenda milimita 840, na Uno ihesabu hatua na kusimama yenyewe. Puli ya meno 20 kwa mkanda wa GT2 ni milimita 40 kwa mzunguko. Mota ina hatua 200, mara 16 ni 3200, kwa hiyo una hatua 80 kwa milimita. Maktaba ya AccelStepper inatosha.

Angalia mpaka mmoja hapo. Kwa mwendo wa sasa unahitaji hatua 3200 kwa sekunde, na AccelStepper kwenye Uno ya 16 MHz hufika karibu 4000 basi. Ukitaka milimita 100 kwa sekunde utahitaji 8000, na mota itanguruma bila kusogea sawasawa. Shusha hadi hatua za 1/4: kwenye pini za A4988, MS1 chini, MS2 juu, MS3 chini. Utapata hatua 20 kwa milimita, yaani 2000 kwa sekunde kwa mwendo huo wa 100.

Pandisha seriali iwe 115200. Bafa ya kutuma ya Uno ni baiti 64. Kwa 9600 kila baiti inachukua milisekunde moja na kidogo, na bafa ikijaa `Serial.println` inasimamisha kila kitu, pamoja na `run()` ya mota. Utasikia mota ikikwaruza kila mstari unapotoka.

Kuna jambo hukulitaja ila lazima litakupata. Python inapofungua mlango wa USB, Uno inajiwasha upya, na nafasi inarudi 0 hata kama kigari kiko katikati ya reli. Weka swichi ya mwisho kwenye ncha moja. Uno ikiwaka irudi pole pole mpaka iguse swichi, iite hapo sifuri, ndipo itume neno TAYARI. Python isitume amri yoyote kabla ya kusoma TAYARI.

---

JedwaliKwanza

FundiMota amemaliza upande wa mota. Upande wa hifadhidata, kanuni ni hiyohiyo: anayesoma seriali asiguse SQLite. Weka foleni katikati, na uzi mmoja tu (sehemu ya programu inayokwenda sambamba na nyingine) uwe na ruhusa ya kuandika vipimo.

```
import queue, sqlite3, time
foleni = queue.Queue(maxsize=5000)

def mwandishi():
    db = sqlite3.connect("kitalu.db", timeout=5)
    db.execute("PRAGMA journal_mode=WAL")
    db.execute("PRAGMA synchronous=NORMAL")
    db.execute("PRAGMA foreign_keys=ON")
    while True:
        fungu = [foleni.get()]
        mwisho = time.monotonic() + 1
        while len(fungu) < 200:
            baki = mwisho - time.monotonic()
            if baki <= 0:
                break
            try:
                fungu.append(foleni.get(timeout=baki))
            except queue.Empty:
                break
        with db:
            db.executemany(
                "INSERT INTO vipimo (kifuko, muda_ms, ghafi) "
                "VALUES (?,?,?)", fungu)
```

Unganisho lifunguliwe ndani ya uzi uleule unaolitumia, kama hapo juu. Ukilifungua nje, Python inakataa. Msomaji wa seriali atumie `put_nowait`, asikubali kusubiri. Foleni ikijaa ahesabu vilivyotupwa na kukuonyesha idadi. Zungushia hiyo `with db` kinga ya makosa pia. Kipimo kimoja chenye namba ya kifuko isiyokuwepo kinaangusha fungu zima, uzi unakufa, na roboti inaendelea kutembea kana kwamba inaandika.

Sasa, kwa nini uandike mara 20 kwa sekunde? Hiyo ni mistari 1,728,000 kwa siku, na unyevu wa udongo haubadiliki ndani ya milisekunde 50. Vifuko 60 kwa mizunguko minne ni mistari 240. Kihisi kikishashuka, acha kitulie sekunde moja, soma mara 9, chukua thamani ya katikati, andika mstari mmoja.

```
CREATE TABLE vifuko (
  id INTEGER PRIMARY KEY,
  nafasi_mm INTEGER NOT NULL);
CREATE TABLE vipimo (
  id INTEGER PRIMARY KEY,
  kifuko INTEGER NOT NULL REFERENCES vifuko,
  muda_ms INTEGER NOT NULL,
  ghafi INTEGER NOT NULL);
```

Safu ya `ghafi` ni ile namba ya 0 hadi 1023 jinsi ilivyotoka kwenye Uno. Usihifadhi asilimia. Ukija kupima upya kihisi kwenye udongo mkavu na udongo ulioloa, asilimia za zamani zote zitakuwa za uongo na hutakuwa na njia ya kuzirekebisha. Namba ghafi unaigeuza wakati wa kusoma.

Kuhusu "database is locked": kwa mpangilio wa kawaida wa SQLite, laptopu ikishikilia faili kwa kusoma, mwandishi hawezi kumaliza. Python inasubiri sekunde 5 kisha inatoa kosa. WAL (mabadiliko yanaandikwa kwanza kwenye faili la pembeni) inaondoa ugomvi huo kati ya msomaji na mwandishi, lakini kwa programu zilizo kwenye mashine moja tu. Kupitia folda ya mtandao WAL haifanyi kazi, na unaweza kuharibu faili. Acha kabisa njia hiyo. Ingia Pi kwa SSH na uchukue nakala:

`sqlite3 kitalu.db ".backup nakala.db"`

Nakala hiyo ndiyo uipeleke kwenye laptopu. Usinakili `kitalu.db` peke yake roboti ikiwa kazini, kwa sababu vipimo vya karibuni bado vimo kwenye `kitalu.db-wal`. Utafungua nakala ukute saa nzima ya mwisho haipo, na hakuna kosa lolote litakalokuambia.

---

KitaluMbale

Asanteni sana, nimeelewa kwa nini kinapitiliza. Nina nyongeza: nataka pia kuweka jedwali la amri, ili nikiandika "kifuko 14, mililita 80" roboti iende imwagilie. Tarehe nazo je? Na ikiwa nataka kuona vipimo nikiwa Kampala?

---

WayaNaSaa

Nianze na amri, maana hapo ndipo maji yanamwagika kweli.

Jedwali `amri` liwe na kifuko, ml, hali, na mwisho_ms. Hali zianze na 'mpya'. Roboti inachukua amri hivi:

`UPDATE amri SET hali='imechukuliwa' WHERE id=? AND hali='mpya' AND mwisho_ms>?`

kisha iangalie `rowcount`, yaani idadi ya mistari iliyobadilishwa. Ikiwa 1, amri ni yake. Ikiwa 0, iiache. Fanya COMMIT kwanza, pampu baadaye, kisha 'imekamilika'. Ukigeuza mpangilio huo, umeme ukikatika pampu ikiwa imeshamwaga lakini hali bado ni 'mpya', roboti ikiwaka itamwaga tena, na mche mchanga wa kahawa kwenye kifuko kilichojaa maji huoza mizizi. Programu ikianza, kila amri iliyobaki 'imechukuliwa' igeuzwe 'haijulikani' na isirudiwe. Kipimo cha unyevu cha mzunguko unaofuata kitasema kama maji yalifika. Safu ya mwisho_ms inazuia amri ya asubuhi isitekelezwe saa mbili usiku umeme ukirudi.

Hapa namrekebisha kidogo JedwaliKwanza: `synchronous=NORMAL` inafaa kwa vipimo, kwa kuwa umeme ukikatika unapoteza miamala ya mwisho tu, faili linabaki zima. Kwa amri haifai. Muamala wa 'imechukuliwa' nao unaweza kupotea, ukarudi palepale pa kumwaga mara mbili. Fungua unganisho la pili kwa ajili ya amri, lenye `synchronous=FULL`. Ni la polepole, lakini ni amri chache, na kigari hakimsubiri mtu tena.

Muda wa pampu uhesabiwe na Uno, na uwe na kikomo ndani ya Uno yenyewe, mfano sekunde 15. Python ikifa katikati pampu lazima izimike.

Tarehe: Pi 3B+ haina saa yenye betri. Ikiwaka bila intaneti inaendelea na saa iliyohifadhiwa mara ya mwisho. Tafuta moduli ya DS3231, uiunge kwenye SDA, SCL, GND na pini ya volti 3.3. Usitumie volti 5: vipinga vya moduli vitavuta SDA na SCL hadi volti 5, na pini za Pi zinavumilia 3.3 tu. Tena, moduli nyingi za bei nafuu zina saketi ya kuchaji betri, na CR2032 haichajiwi. Kwa 3.3 hatari hiyo karibu inaisha, ila ni bora kung'oa kile kidayodi kilicho kando ya kipinga cha omu 200. Washa I2C (njia ya mawasiliano inayotumia SDA na SCL), ongeza mstari huu kwenye `config.txt`:

`dtoverlay=i2c-rtc,ds3231`

ondoa kifurushi cha `fake-hwclock`, kisha `i2cdetect -y 1` ikuonyeshe UU kwenye 68. Hifadhi muda wa UTC, na ongeza saa 3 wakati wa kuonyesha.

Chunguza pia kama ni umeme wa nje unaokatika kila mara, au ni pampu yako inayovuta volti chini. Toa amri `vcgencmd get_throttled` baada ya mzunguko mmoja. Ukiona `0x0` uko salama. Ukiona `0x50000`, volti ilishuka chini ya kiwango tangu Pi iwake. Ipe Pi chaja yake ya volti 5 na ampea 2.5, pampu na mota zipate chanzo chao, unganisha GND ya A4988 na ya Uno, weka dayodi ya 1N4007 sambamba na pampu na kapasita ya 100 µF karibu na VMOT (pini ya umeme wa mota kwenye A4988).

Kuhusu Kampala: usifungue mlango wa hifadhidata yoyote kwenye intaneti. Ongeza safu `imetumwa` kwenye vipimo, na programu ndogo ya pembeni itume mafungu ya mistari 200 kwa HTTPS kila dakika 15 kwenda kwenye seva yako. Seva ikijibu ndipo `imetumwa` iwe 1. Mtandao wa simu ukikatika baada ya seva kupokea lakini kabla ya jibu kufika, fungu litatumwa tena, kwa hiyo upande wa seva weka UNIQUE (kuzuia mistari inayojirudia) kwenye namba ya roboti pamoja na id ya kipimo. Kwa PostgreSQL malizia INSERT kwa `ON CONFLICT DO NOTHING`. Mistari 240 kwa siku ni kilobaiti chache tu. Bando dogo kabisa linabeba.

---

FundiMota

Nyongeza moja kwa ile `N 840`: Uno irudishe `F 840` ikifika, na Python isishushe kihisi mpaka isome F yenye namba ileile iliyotuma. Ikipita sekunde 200 bila F, rudisha kigari kwenye swichi. Reli nzima kwa mwendo wa 40 ni sekunde 150.